Kichwa cha Kikaragosi Kimetoka na Kasoro: Kusoma Dalili na Kuchagua Kalibu Inayofaa

Kichwa cha kikaragosi kikitoka kwenye kalibu kimeharibika, lawama za kwanza huenda kwa kile kilichomiminwa: resini mbovu, lateksi iliyokaa sana, plasta iliyopigwa na unyevu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini katika vichwa vingi nilivyowahi kuvichunguza, kosa lilitangulia, siku malighafi ya kalibu ilipochaguliwa.

Kalibu huishi kati ya majirani wawili. Upande mmoja kuna sanamu ya kwanza uliyoifinyanga kwa mkono, ambayo hapa nitaiita kielelezo. Upande wa pili kuna kitu kitakachoingia ndani na kuwa kichwa chenyewe, yaani nakala. Malighafi ya kalibu lazima ipatane na wote wawili, na ikigombana na mmoja tu, kazi imeharibika. Kwa hiyo kabla ya kutafuta dalili yako hapa chini, jiulize mambo matatu: kielelezo ni cha nini, kichwa kitakuwa cha nini, na unahitaji nakala ngapi.

Silikoni imekomaa nje, lakini ndani inanata

Hii ndiyo dalili inayouma zaidi, kwa sababu silikoni ni ghali na kielelezo nacho huishia kupakwa ute usiofutika kirahisi. Angalia kwanza unanata wapi. Kama ni uso uliogusana na kielelezo peke yake, na kwingine kote silikoni imekaza vizuri, basi kuna kitu kwenye kielelezo kilichozuia kemia yake. Kama ni mabaka mabaka, hapa pagumu pale palaini, hukuchanganya sawasawa. Mara nyingi ni ile silikoni iliyobaki kwenye kuta na pembe za chombo, ikakwanguliwa mwishoni na kumwagwa bila kukutana na kichocheo, ile sehemu ya pili inayoikomaza. Na kama kalibu nzima ni laini kwa kiwango kimoja, kipimo cha kichocheo kilikosewa au chumba kilikuwa baridi. Baridi pekee haiui silikoni, huichelewesha tu, kwa hiyo ihamishie mahali penye joto uiache siku moja zaidi kabla ya kuitupa.

Kuzuiwa huko kunaipata hasa silikoni inayokomazwa kwa platinamu. Adui yake mkubwa ni salfa, na plastisini nyingi za kufinyangia zina salfa ndani yake. Maadui wengine ni glavu za lateksi, kitu chochote cha lateksi, mabaki ya silikoni ya aina ya bati, epoksi ambayo haijakomaa kabisa, na vielelezo vilivyochapwa kwa printa za 3D zinazotumia resini. Hizi za mwisho zinawatesa wengi siku hizi: kichwa kimechapwa kikatoka na kila mkunjo wa ngozi, kikaoshwa, kikawekwa kwenye mwanga wa urujuanimno, na bado silikoni ya platinamu inakataa kukomaa juu yake.

Silikoni inayokomazwa kwa bati haichagui namna hiyo. Hukomaa juu ya plastisini yenye salfa, juu ya mbao, juu ya udongo. Inachodai ni unyevu kidogo wa hewa, na ina kasoro mbili za kukubali mapema: husinyaa kidogo baada ya kukomaa, na huzeeka, ikapoteza unyumbufu wake baada ya miaka michache hata ikiwa imekaa kabatini. Ya platinamu haisinyai kwa kiasi cha kuonekana na hudumu zaidi. Kwa kichwa kilichofinyangwa kwa plastisini nisiyoijua, nachagua ya bati bila kusita. Umbo lililohifadhiwa kwenye kalibu ya kuishi miaka michache lina thamani kuliko lililopotea kwenye ute.

Kama umeshanunua ya platinamu, unaweza kukipaka kielelezo tabaka kadhaa za vanishi ya akriliki na kuziacha zikauke kabisa. Husaidia mara nyingi, haisaidii mara zote, ndiyo maana jaribio ni lazima: paka silikoni kidogo sehemu isiyoonekana, kwa mfano chini ya shingo, uingoje ikomae. Ikinata hapo, itanata usoni. Silikoni iliyokwisha kuzuiwa haifufuki. Ikwangue yote, usafishe kielelezo, uanze upya.

Plasta imeng'ang'ania kielelezo, au nusu mbili za plasta zimeshikana

Plasta ya Paris ni jasi iliyochomwa ikapoteza sehemu kubwa ya maji yake. Ukiirudishia maji inageuka jiwe tena. Katika kuganda hupata joto na kutanuka kidogo sana. Kule kutanuka kidogo ndiko kunakoifanya ikamate kila pembe, na ndiko kunakoitia nanga pale kielelezo kinapokuwa kigumu na kina sehemu zinazonasa.

Sehemu zinazonasa kichwani zinajulikana: nyuma ya masikio, chini ya kidevu, ndani ya matundu ya pua, chini ya nyusi nzito, na kati ya midomo iliyofunguka. Vikaragosi huzidisha maumbo makusudi, pua ndefu na kidevu kilichochongoka, kwa hiyo hunasa kuliko sura ya kawaida. Kanuni yake ni nyepesi. Kigumu juu ya kigumu hakitoki penye mnaso. Kati ya kielelezo, kalibu na nakala, lazima kimoja kikunjike, kivunjwe, au kigawanywe vipande.

Kutokana na hilo unaweza kusoma tatizo lako. Plasta juu ya udongo mbichi haina shida, maana udongo wenyewe ni laini. Utauchimba kwa vidole na kalibu itabaki salama, tena bila kupaka chochote. Kielelezo cha mbao au cha plasta chenye minaso, ukakifunika kwa plasta vipande viwili tu, hakitoki bila kitu kuvunjika. Hapo ama ugawe kalibu vipande vitatu au vinne, ama uzibe minaso kwa udongo kidogo, ama uhamie silikoni.

Iwapo hakuna minaso na bado imeshika, kitenganishi, yaani kitu kinachopakwa ili nyuso mbili zisishikane, kilikosekana. Plasta mpya hushikana na plasta kavu kama kitu kimoja. Kabla ya kumimina nusu ya pili, paka ukingo wa nusu ya kwanza sabuni ya maji iliyo nzito, ufute, upake tena, mara kadhaa, mpaka maji yateleze juu yake. Kalibu iliyokwisha kushikana usiipige nyundo. Itumbukize kwenye maji ya uvuguvugu, kisha ingiza kabari nyembamba za mbao kwenye mshono, kidogo huku na kidogo kule, ukizunguka.

Kichwa cha lateksi kimetoka chembamba, au hakikujenga ukuta kabisa

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu njia hii ya lateksi ndani ya plasta ni ya zamani, haihitaji mashine, na inatoa kichwa chepesi, chenye uwazi ndani, kinachokunjika bila kuvunjika. Kwa vikaragosi vya mkono ni vigumu kupata kitu bora. Lakini watu huiacha baada ya jaribio moja kwa sababu hawakuelewa kinachofanya kazi ni nini.

Kinachofanya kazi ni kiu ya plasta. Unaijaza kalibu kavu kwa lateksi ya kumimina. Plasta inanyonya maji, na chembe za mpira zinajipanga ukutani. Kadiri unavyongoja, ukuta unanenepa. Kisha unaimwaga iliyobaki irudi kwenye ndoo, unaacha kichwa kikauke ndani ya kalibu. Chochote kinachozima kiu hiyo kinaua njia nzima, na vinavyoizima ni vitatu.

Cha kwanza ni unyevu. Kalibu inayoonekana kavu kwa macho inaweza kuwa imebeba maji mengi katikati. Iguse kwa shavu. Ikiwa baridi, bado. Njia ya uhakika ni mizani: ipime kila siku, na siku uzito utakapoacha kushuka ndipo imekauka. Iweke penye upepo na joto la wastani. Usiipeleke kwenye oveni kali, maana joto likipita nyuzi 50 hivi za Selsiasi kwa muda mrefu, plasta huanza kupoteza maji yake ya kemikali, na uso wake unageuka unga.

Cha pili ni kitenganishi. Mtu aliyezoea resini hupaka vaselini kwa mazoea, na vaselini huziba vinyweleo vyote. Kwa lateksi ya kumimina, kalibu ya plasta haipakwi kitu. Kama kielelezo chako kilipakwa mafuta au sabuni na mabaki yakahamia kwenye plasta, utaona madoa membamba kwenye ngozi ya kichwa mahali palepale kila mara. Hiyo ndiyo alama yake.

Cha tatu ni uchovu. Kalibu iliyotumika mfululizo bila kupumzishwa hunyonya polepole zaidi kila awamu. Kama kichwa cha kwanza kilihitaji saa moja kupata ukuta mzuri, cha tatu siku hiyohiyo kitataka muda mrefu zaidi, na cha nne huenda kisifae. Ukihitaji vichwa vingi kwa haraka, tengeneza kalibu mbili za umbo moja.

Kuna wanaojaribu kumimina lateksi ndani ya silikoni kwa sababu ndiyo kalibu waliyo nayo. Silikoni hainywi maji. Utabaki na bwawa la lateksi lenye ngozi nyembamba juu. Ukilazimika, ipake kwa brashi tabaka jembamba, likauke, lingine juu yake. Inawezekana, ila ni kazi ya siku nyingi na unene hautakuwa sawa.

Mambo mawili ya kumalizia hapa. Lateksi husinyaa ikikauka, na tofauti ya asilimia 5 au hata kukaribia 10 si ajabu, kwa hiyo kielelezo kifinyangwe kikubwa kidogo, na matundu ya macho yapimwe kwenye nakala iliyokauka. Pia lateksi changa hujishika yenyewe: kichwa kikijikunja wakati wa kukitoa, pua itaganda kwenye shavu na hutaitenganisha. Nyunyiza poda ndani kabla hujaanza kukivuta, kisha unapokivuta endelea kunyunyiza upande wa nje unaojitokeza.

Plasta yenyewe ni laini, inamomonyoka, au imepasuka

Maji yalizidi, au unga ulikuwa umeshavuta unyevu gunia likiwa wazi. Kwa kalibu ya kunyonya, uzito wa maji uwe takriban 70 kwa kila 100 za unga. Nyunyizia unga kwenye maji, kamwe usimwage maji juu ya unga. Uache uzame na kulowa dakika moja au mbili, kisha koroga polepole mkono ukiwa chini ya maji ili usiingize hewa. Plasta iliyoanza kuganda usiiongezee maji wala usiikoroge tena. Itakaza, ila itakuwa dhaifu milele.

Kupasuka hutokana zaidi na unene usiolingana: sentimita 5 nyuma na moja tu juu ya ncha ya pua. Fuata umbo la kichwa, ukiacha ukuta wa sentimita 3 hivi kila upande, na vitambaa vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta vikiwa katikati ya tabaka.

Neno la usalama, na naliomba lichukuliwe kwa uzito wote: plasta nene inapoganda hupata joto la kuunguza ngozi. Usimwache mtoto atumbukize mkono ndani yake ili kuona, na usiwahi kuifunika sehemu ya mwili kwa bonge la plasta. Mabaki yake yasiende kwenye bomba la maji machafu, yataganda humo.

Viputo: vinundu au mashimo?

Tofautisha haya mawili na nusu ya jibu umeshalipata. Nakala yenye vinundu vidogo vilivyochomoza, tena mahali palepale kila nakala, ina maana kalibu ina mashimo. Hewa iliganda pamoja na kalibu. Tiba ni kwenye utengenezaji: paka tabaka la kwanza la silikoni au plasta kwa brashi, ukisukuma kwenye pua, masikio na kope, kabla ya kumimina iliyobaki. Kwa sasa, vinundu unaweza kuvikata kwenye kila nakala.

Nakala yenye mashimo, hasa ncha ya pua, kidevu na masikio, ina hewa iliyonaswa wakati wa kumimina. Ukiijaza kalibu kwa kupitia shingoni, ncha zilizo juu hubaki na hewa isiyo na pa kutokea. Inamishe kalibu, mimina kwa mkondo mwembamba kuanzia sehemu ya chini kabisa, izungushe, igonge, kisha ujaze. Pua ndefu sana inahitaji tundu dogo la kutolea hewa kwenye ncha yake.

Halafu kuna ile nakala ya resini ya poliyurethani iliyojaa povu mwili mzima, kama mkate. Huo ni unyevu. Poliyurethani ikikutana na maji hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Kama uliimimina kwenye kalibu ya plasta, usitafute sababu nyingine: plasta karibu kila mara ina unyevu fulani. Plasta inayotumika kwa resini lazima ikaushwe kabisa, izibwe kwa vanishi au shelaki, kisha ipakwe kitenganishi. Kwa maoni yangu silikoni ndiyo kalibu ya resini, na mzozo huu wote unaisha. Ifanyie kazi penye hewa ya kutosha, na glavu ziwe za naitrili.

Sura imepinda, au nusu mbili hazikutani

Jicho moja limeshuka, taya limesogea, mshono una ngazi. Kama kalibu ni ya silikoni au ya lateksi ya kupaka, uliza ganda la nje liko wapi. Mpira peke yake haushiki umbo. Uzito wa kilichomiminwa unautanua, na mikanda ya kubana inauminya. Ganda la bandeji za plasta, vipande viwili au vitatu, linatosha kwa kichwa cha ukubwa wa ngumi au zaidi. Litengeneze kielelezo kikiwa bado ndani, ukishamaliza kukipaka kielelezo silikoni. Ukilitengeneza baadaye utakuwa umenakili umbo la mpira uliolegea.

Ukiwa na ganda na bado sura inapinda, legeza mikanda. Kazi ya mkanda ni kuzuia ganda lisifunguke, haitakiwi kukaza zaidi ya hapo. Kisha chunguza vishimo na vinundu vya kulinganisha nusu mbili: viwe vikubwa, vya mviringo, na visivyo katika mpangilio unaoruhusu nusu kukaa kinyume. Baada ya kazi, hifadhi kalibu ikiwa imefungwa ndani ya ganda lake. Silikoni iliyolala imejikunja kwa miezi hukumbuka mkunjo huo.

Aljineti ni kisa kingine. Hiyo ni unga wa mwani unaochanganywa na maji, mzuri sana kwa kunakili uso wa mtu aliye hai ili kutengeneza kikaragosi chake, ila husinyaa kwa kupoteza maji tangu inapoganda. Mimina plasta ndani yake saa hiyohiyo. Ikisubiri hadi kesho, sura itakuwa ya mtu mwingine. Usiimiminie poliyurethani, imejaa maji.

Karatasi na gundi haikauki ndani ya kalibu, au imeota kuvu

Kichwa cha karatasi kinataka kupumua. Ndani ya silikoni kinakauka upande mmoja tu, na ule unaogusa kalibu, ambao ndio uso, unakaa na maji hadi unanuka. Plasta hunyonya upande wa pili. Weka tabaka la kwanza la karatasi iliyoloweshwa maji matupu, bila gundi, lisishike kalibu, kisha endelea na tabaka za gundi. Kama silikoni ndiyo uliyo nayo, weka tabaka mbili kwa siku na uziache zikauke.

Kalibu ilifanya kazi vizuri mwanzoni, sasa inachanika au inashika

Resini huichosha silikoni kwa joto na kwa kemia yake. Dalili ni uso unaopoteza mng'ao, kisha nakala zinaanza kushika, kisha mdomo wa kalibu unachanika kwenye mnaso. Kitenganishi chembamba kila nakala, na mapumziko ya kalibu kupoa, huongeza umri wake. Ikiwa mchaniko ulianza mapema, angalia ugumu ulionunua. Silikoni ya Shore A 10 (Shore A ni kipimo cha ugumu wa mpira) ni laini, inatoka kwenye minaso kwa urahisi lakini huchanika upesi. Ya 20 hadi 30 hustahimili zaidi na inataka nguvu kuikunja. Kwa kichwa chenye masikio makubwa na pua iliyopinda naanzia karibu 20. Na kumbuka silikoni hushika silikoni: bila vaselini au kitenganishi kati ya nusu ya kwanza na ya pili, utapata donge moja lenye kichwa ndani yake, na hapo hakuna ila kisu.

Kichwa ni kizito, mkono unachoka

Umemimina resini ikajaa. Anayeshika kikaragosi juu ya kichwa chake kwa onyesho zima atakumbuka kila gramu. Kalibu ya silikoni inaruhusu njia nyingine: mimina resini kidogo, funga, izungushe pande zote mpaka igande ukutani, rudia mara mbili au tatu. Kwa kikaragosi cha nyuzi uzito kidogo wa chini ya kichwa unasaidia nyuzi kukaza, kwa hiyo kichwa kisiwe chepesi kupita kiasi. Lakini cha mkono kiwe chepesi kadiri uwezavyo, na hapo lateksi ndani ya plasta, au karatasi, inaishinda resini.

Mshono unaonekana usoni

Mstari wa kugawa kalibu ulipita mahali pabaya. Uchore kwenye kielelezo kwa kalamu kabla ya kuanza: utoke upande mmoja wa shingo, upitie nyuma ya sikio au juu ya ukingo wake, uvuke utosini mahali ambapo nywele zitafunika, ushuke upande wa pili. Kamwe usipite kwenye pua, hata kama umbo linakushawishi. Resini inasuguliwa kwa msasa. Lateksi haisuguliki vizuri, kwa hiyo mshono wake ukatwe kwa mkasi mdogo kisha upakwe lateksi nyembamba.

Rangi inabanduka

Kitenganishi kimebaki kwenye ngozi ya nakala. Osha kichwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, kikauke, na cha resini kikwaruzwe kwa msasa laini. Kitenganishi chenye mafuta ya silikoni ndicho kibaya zaidi kwa rangi, kwa hiyo kwa vichwa vitakavyopakwa rangi tumia kingine tangu mwanzo. Rangi ya kawaida juu ya lateksi itapasuka mdomo utakapofunguka mara ya kwanza, hata ngozi ikiwa safi kabisa. Changanya rangi na lateksi yenyewe, upake tabaka nyembamba, na usisahau kuwa lateksi ya maji ni nyeupe kidogo na rangi itakuwa nzito zaidi ikikauka.